Kikao cha Kalamu Hakihitaji Mgeni wa Heshima

Ukiitisha kikao chochote huku Magharibi mwa Kenya, kiwe cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, cha kwaya au cha ukoo, swali la kwanza utakaloulizwa si "tutafanya nini?" Ni "mgeni wa heshima ni nani?" La pili ni nani atalipia hema. La tatu, ukiwa na bahati, ndilo litakalogusa shughuli yenyewe.

Sasa sisi wachache wa Bukura tumetangaza kwamba tunataka kukutana, watu wenye kalamu za wino na wale wanaotaka kuzijua, tuketi tuandike. Maswali yamekuja kwa mpangilio uleule. Kwenye kundi la WhatsApp limetajwa jina la mwanasiasa mmoja, halafu la mwingine ili wa kwanza asionekane kapendelewa, halafu mtu akaandika kwamba hata kama hawezi kuja, basi atume mtu na bahasha. Bahasha ya nini? Tunakutana kuosha nibu na kuandika. Nasema hapana, na nitaeleza kwa nini, maana wengine wamenuna wakidhani ni kiburi.

Nikisema kalamu ya wino simaanishi biro. Namaanisha ile yenye nibu, yenye mkato katikati, unayoijaza mwenyewe kutoka kwenye chupa. Na wala sina ugomvi na biro. László Bíró, mwandishi wa habari kutoka Hungaria, aliisajili kalamu yake mwaka 1938. Mwaka 1950 Marcel Bich, kule Ufaransa, akatoa ile ya plastiki tunayoijua sote, na tangu hapo mtoto wa maskini ana kitu cha kuandikia mtihani. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na Ngũgĩ wa Thiong'o akaandika Caitaani Mũtharabainĩ huko Kamiti mwaka 1978, wote wakitumia karatasi za chooni. Hakuna msomaji aliyewahi kuuliza nibu ilikuwa ya namna gani. Kwa hiyo yeyote atakayekuja Bukura kutuambia kwamba mwandishi wa kweli hutumia kalamu ya wino, tutampa chai, tutamwomba akae pale nyuma.

Lakini biro haihitaji kikao. Ikiisha unaitupa, ikigoma unaitupa, ikipotea unaazima ya jirani na kusahau kuirudisha. Sijawahi kusikia watu wamekutana kuzungumza juu ya biro. Kalamu ya wino ina mambo. Inaziba. Inavuja. Nibu moja inakwaruza, nyingine inateleza kama imepakwa mafuta. Wino huu unakataa karatasi ile. Huwezi kujifunza haya peke yako bila kuharibu shati mbili tatu. Lazima mtu akuonyeshe kwa mkono wake. Hiyo ndiyo sababu yote ya kukutana. Kila mtu anashika, kila mtu anachafuka vidole, kila mtu anaandika.

Sasa mwite mgeni wa heshima uone kitakachotokea. Kwanza atachelewa. Nibu ikiachwa wazi dakika kumi imeshaanza kukauka; mheshimiwa huchelewa saa tatu. Halafu viti vitapangwa kwa mistari vikitazama mbele, kwa sababu kuna mtu mbele. Meza zitaondolewa, kwa sababu mistari ya viti haitaki meza. Na bila meza utaandikia wapi? Magotini? Tayari watu ishirini waliokuja kuandika wamekuwa watu ishirini waliokuja kusikiliza. Kalamu pekee itakayotumika siku hiyo ni ya mheshimiwa, akitia sahihi kitabu cha wageni, huku simu kumi na tano zikimpiga picha.

Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Wino ulipoingia katika maisha ya babu zetu wengi haukuingia kwa kalamu. Uliingia kwa kidole. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutumika sawasawa kama 1920, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima abebe kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyeandika alikuwa mwingine. Babu alitoa kidole tu. Na hata baada ya Uhuru kalamu ilibaki mfukoni mwa shati la karani, la chifu, la hedimasta, kile kibanio chake king'aacho kikionekana nje ili ujue unaongea na nani. Sisi wengine tulipanga foleni tukasubiri sahihi. Hata sasa, kila baada ya miaka mitano tukishapiga kura, wino unarudi palepale kwenye kidole.

Kwa hiyo kikao cha kalamu Bukura si mchezo wa watu wasio na kazi. Ni saa tatu ambazo mwendesha boda boda, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, mama wa duka la dawa na mwalimu mstaafu wanakaa meza moja, na hakuna anayemsubiri mwenzake amtilie sahihi. Ukimleta mtu wa kutia sahihi umerudisha ile foleni, tena umeilipia hema.

Wapo wanaosema, haya, lakini hii kitu ni ya wazungu. Ama ni ya matajiri wa Nairobi. Wacha tuanze na neno lenyewe. Kalamu limetujia kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa na maana ya tete. Matete! Yale yale yaliyojaa kando ya mito yetu. Huko Pate, Siyu na Lamu watu walikuwa wakichonga matete na kuyachovya kwenye vidau vya wino kwa karne kadhaa kabla Lewis Waterman hajapata hataza yake Marekani mwaka 1884. Siyu ilijulikana kwa wanakili wake wa misahafu. Na kwenye mwaka 1858 hivi Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambao unaanza kwa kumwita asogee na wino na karatasi. Mama na mtoto, kidau kati yao. Hakuna aliyesubiriwa.

Na dhahabu? Watengenezaji wa zamani waliweka nibu ya dhahabu kwa sababu wino wa wakati ule ulikuwa na asidi iliyokula chuma, na kwa vile dhahabu ni laini, nchani walichomelea kipunje cha madini magumu ili isilike haraka. Watu walimiminika Kakamega kutafuta dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka 1952. Na mpaka leo vijana wanashuka kwenye mashimo na tochi kichwani. Sijui unawezaje kusimama juu ya udongo huu ukaniambia kitu chenye dhahabu ni cha kigeni.

Bei nayo imefanywa kisingizio. Ziko kalamu za Kichina zinazouzwa chini ya shilingi 1,000 ambazo zinaandika vizuri kuliko za mara kumi ya bei yake. Biro ni shilingi 20, kweli, lakini hesabu ngapi umenunua tangu Januari. Chupa ya wino ya mililita 50 inajaza kalamu ya kawaida, inayobeba kama mililita moja, mara 50. Watu ishirini wakijaza siku ya kikao, zaidi ya nusu ya chupa inabaki. Tukichanga chupa mbili, moja ya buluu na moja nyeusi, tuna wino wa vikao vitano. Hii ndiyo bajeti yetu yote, pamoja na chai. Hakuna harambee. Hakuna fulana zenye picha ya kalamu kifuani. Aliyekuja na wazo la fulana nampenda sana, ni rafiki yangu, lakini fulana ishirini ni pesa ya kalamu ishirini.

Kuna kundi lingine ambalo ninaliogopa zaidi ya wanasiasa: wenye makusanyo. Huyu anakuja na mfuko wa ngozi, ndani mna kalamu kumi na mbili zimelala kama risasi, na hakuna hata moja yenye wino. Ukiomba kujaribu anashtuka. Anakutajia mwaka, kiwanda, alinunua wapi, alitoa ngapi. Mimi kalamu isiyojazwa naiona kama pete tu. Kanuni tumeshaitoa na haibadiliki: kalamu itakayowekwa mezani iwe na wino, na jirani aruhusiwe kuandika mstari mmoja. Kama hutaki ishikwe, iache nyumbani, njoo wewe. Na anayeogopa kwamba mkono wa mwingine utapinda nibu yake, dakika mbili za mafunzo zinatosha: usikandamize. Nibu si jembe. Wino unashuka wenyewe kupitia ule mkato, hewa ikipanda kuchukua nafasi yake. Kazi ya mkono ni kuongoza tu. Wazee wenye vidole vinavyouma wataifurahia hiyo sehemu kuliko vijana.

Halafu kuna wale wa "mwandiko wa zamani". Utawasikia: siku hizi watoto hawajui kuandika, sisi tulifundishwa. Mlifundishwa kwa fimbo. Na wenye mkono wa kushoto mlifundishwa kwa kufungwa huo mkono au kuchapwa ukiutumia, na hadi leo wapo watu wazima ambao wakishika kalamu jasho linawatoka. Kikao chetu hakitakuwa darasa la hati nzuri. Hakuna kushindanisha miandiko, hakuna zawadi ya mwandiko bora, tafadhali. Mashoto watakaa mwisho wa meza upande wao wa kushoto ili wasigongane viwiko na jirani. Watapewa nibu nyembamba, kwa sababu inamwaga wino kidogo na hukauka upesi, na wataigeuza karatasi watakavyo ili mkono upite chini ya mstari badala ya kuufuta. Mtu akimcheka mwandiko mwenzake ataoshea wote nibu.

Siku sasa. Hapa ndipo watu wa mjini huwa hawatuelewi. Jumamosi haiwezekani. Jumamosi kwetu ni ya mazishi, na ukiitisha jambo lolote siku hiyo utabaki na watu wawili, mmoja kati yao akiwa amepotea njia ya kwenda matangani. Wala silaumu. Tena kule matangani ndiko mwandiko wetu unakoishi siku hizi: wasifu wa marehemu ulioandikwa usiku na mjukuu, kitabu cha rambirambi, na ile kaunta buku ya mweka hazina yenye majina na michango, hamsini, mia, mia mbili. Hiyo buku hutunzwa kwa miaka, na ugomvi mwingi wa ukoo umeamuliwa kwa kuifungua. Nani huchagua wino wake? Hakuna. Inaandikwa kwa chochote kilichopatikana mezani. Hilo ni jambo moja ambalo kikao kinaweza kulifanya la maana: kujaribu ni wino gani unavumilia maji, kwa sababu wino mwingi wa buluu wa kawaida hufutika kwa tone moja, na sisi tunaishi mahali ambapo mvua huingia hata ndani ya sanduku. Unaandika mstari, unaacha ukauke, unadondosha maji, unatazama kilichobaki. Dakika tano. Mweka hazina wa ukoo wowote anakaribishwa na buku yake.

Basi ni Jumapili. Asubuhi ni kanisa, na alasiri ni mvua, kwa sababu mawingu ya huku hupenda kumwaga mchana ukishapata joto, na Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hatuna ujanja wa kuikwepa. Tunaanza saa saba na nusu, mtu akitoka kanisani aje moja kwa moja na Biblia yake kwapani, na tunakaa chini ya bati lisilovuja. Ikinyesha tunabaki humo tunaandika. Hiyo si hasara.

Kuhusu mahali kumekuwa na vita vidogo. Wengine wanataka ukumbi wa chuo. Chuo cha Kilimo cha Bukura ni fahari yetu, kipo tangu miaka ya 1920, na nusu ya wanaokuja wamesoma au kufanya kazi pale. Lakini ukumbi unaombwa kwa barua, barua inajibiwa kwa barua, na katikati ya barua hizo anazaliwa mgeni wa heshima. Wengine wanasema twende Kakamega mjini, hotelini, pana zulia. Zulia na wino! Mimi nasema hoteli ya chai, ya hapa hapa sokoni, yenye meza za mbao zisizoyumba. Kila mtu anaagiza chai na mandazi, mwenye hoteli anapata chake, hakuna anayemshukuru mtu kwa kutufadhili. Tutatandika magazeti ya zamani. Maji ya kuoshea tutakinga ya paa, kwa sababu ya mvua hayana chumvichumvi inayoganda ndani ya kalamu. Sirinji ya duka la dawa, isiyo na sindano, inasukuma maji ndani ya nibu vizuri kuliko kifaa chochote cha kuagiza. Vitambaa vya pamba, fulana kuukuu zinatosha. (Hizo ndizo fulana ninazozikubali.) Na wanaokuja kwa boda boda: jaza kalamu mpaka juu au ije tupu, nibu ikitazama juu. Iliyojaa nusu ina hewa ndani, hewa ikipata joto la mfukoni inatanuka na kusukuma wino nje. Kisha unafika ukilaumu kalamu.

Jambo la mwisho ndilo ningependa litupotezee muda kuliko yote: karatasi. Mtu akinunua kalamu ya wino akajaribu kwenye daftari la mtoto, wino unatambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili, na anaamua kalamu ni mbovu. Kalamu haina kosa. Karatasi nzuri ya kuandikia huwa imetiwa kitu mfano wa uji wa wanga, kinachozuia nyuzi zisinywe maji. Kikipunguzwa ili kuokoa senti, karatasi inakunywa kama udongo wa Januari. Na sisi, jamani, ni watu wa karatasi. Webuye iko hapo tu. Pan African Paper Mills ililisha nchi hii karatasi tangu miaka ya 1970, tuliinusa tukipita kwa basi usiku, mpaka iliposimama mwaka 2009 na mji ukasimama nayo. 2016 ikauzwa kwa kampuni ya familia ya Rai. Wazazi wa baadhi ya watakaokuja walifanya kazi pale. Wao wanajua kutambua karatasi kwa kuipapasa, ujuzi ambao hakuna mheshimiwa atakayekuja kuutuhutubia.

Kwa hiyo kila mtu aje na kurasa mbili kutoka daftari lolote alilonalo nyumbani, aandike juu yake jina la daftari na bei aliyonunulia. Tutaandika sentensi moja ileile juu ya zote, kwa wino uleule, nibu ileile, kisha tutazigeuza na kuzibandika ukutani. Mzazi ataona kwa macho yake ni daftari gani linabeba wino na ni lipi linamwibia. Kazi hii haijafanywa na ofisi yoyote kwa niaba yetu na hatuhitaji ruhusa ya kuifanya. Ningependa walimu wawe wengi siku hiyo.

Ratiba imebaki fupi hivi: sala ya kufungua, iwe ya kufungua kweli, isiwe mahubiri, nusu saa ya kuosha na kujaza, majaribio ya karatasi, halafu barua. Ndiyo, barua. Kila mtu anaandika moja kwa mtu mmoja, ukurasa mmoja tu, na hasomi kwa sauti asipotaka. Mwenye shida ya kuandika atasaidiwa na jirani, ila sahihi ataiweka mwenyewe, kwa kalamu, siyo kidole. Bahasha zitakuwepo. Jumatatu asubuhi mmoja wetu atazipeleka posta zote pamoja, kwa hiyo njoo na anwani kamili ya unayemwandikia. Yetu, kwa wale wanaotaka kujibiwa, msimbo ni 50105.